Alama za Mkaa Ukutani

Dada Zuhura,

Kaka Mbwana yuko chumbani kwako, amesimama mbele ya ukuta wako. Nimemsimamisha mimi. Nilitaka uyasikie haya kwangu kwanza.

Alipata kiharusi baada ya Idi. Mkono wa kulia umelegea, mguu anauburuta. Daktari amempa maagizo yale yale uliyopewa wewe baada ya kukatwa ziwa: atembee kila siku, na apandishe vidole ukutani, kidogo kidogo, mpaka bega likubali. Aliposikia hivyo kaka alinitazama, kisha akatazama chini.

Alama zako bado zipo. Ulikuwa ukichora mstari wa mkaa pale vidole vilipofika, na jirani yako Bi Mwantumu akikushangilia mlangoni, "Panda shoga, panda, huko juu kuna embe!" Mkimaliza mnashuka pwani maji yakitoka, kuchokoa pweza mwambani. Neno mazoezi hukutaka kulisikia. Mazoezi ni ya askari, ulisema, wewe unakwenda kutafuta kitoweo. Lakini ulifika mpaka mwisho wa mwamba na kurudi na ndoo yako, na kwenye simu uliniambia kwamba siku ukitembea chakula kinapita na usingizi unakuja. Mstari wako wa juu kabisa uko sawa na ukingo wa juu wa dirisha.

Ikaja korona. Nisimsingizie mtu: serikali haikutufungia majumbani. Shule zilifungwa, lakini hapa Kigombe sokoni watu walikwenda na msikitini waliswali. Kufuli la geti lako alilinunua kaka Mbwana. Alisema hatari yako ni kubwa kuliko yetu, na hapo alisema kweli. Ila mwambani kulikuwa na upepo, wewe huku na Bi Mwantumu kule. Ndani kulikuwa na yeye, anayetoka kucheza bao na kurudi na kikohozi chake. Nilipomkumbusha maneno ya daktari alinijibu, "Daktari hajui uchungu wa ndugu." Watu wakamsifu. Mbwana anamlea dada yake kama yai, walisema.

Yai halitembei.

Nilikuja kutoka Tanga mjini na malimau, nikakukuta mkekani nyuma ya geti. Mkono umevimba, bega limekaza. Ukasema, "Mwambie afungue, nifike hata pale kwenye mnazi." Nilimwambia. Hakufungua. Nawe ukaendelea kuchora, kila mstari chini ya mwenzake, mpaka ule ambao mimi naugusa bila kuinua kiwiko. Chini ya huo hakuna mwingine.

Sisemi kufuli ndilo lililokuua. Saratani ilikuua, ilikuwa imefika kwenye ini. Nilimuuliza daktari, na kazi yangu ya uandishi wa habari imenifundisha kutochanganya mambo. Kufuli lilichukua miguu yako, na mkono wako, na kelele za Bi Mwantumu mlangoni. Hayo saratani haikuwa imeyagusa bado. Hayo aliyachukua kaka.

Kwenye arobaini yako aliwaambia watu kwamba alikulinda hadi mwisho. Kesho yake akaleta fundi wa kupaka chokaa chumbani. Nilimrudisha fundi na ndoo yake. Tangu hapo kila Idi kaka huja kunipa mkono tusameheane, kama desturi, nami huiacha mikono yangu ndani ya khanga.

Sasa nimehamia hapa, na kila asubuhi namsimamisha pale. Ananiomba ukuta mwingine. "Mdogo wangu, hata wa jikoni." Namwambia wa jikoni una masizi. Anaanzia kwenye mstari wako wa chini. Bi Mwantumu huja, akasimama mlangoni palepale. "Panda, kaka, panda." Embe hamtajii. Baadaye tunatoka, namshika kiwiko mpaka mchangani. Geti nimeling'oa, sasa ni mlango wa banda la kuku.

Juzi alilia, uso ukutani. Akasema, "Nilikuwa naogopa tu, mdogo wangu."

Nikamwambia, "Najua. Panda."

Usidhani nimelainika, dada. Wapo walioniambia nimwache alale. Akilala ataletewa uji, ataambiwa pole, na watu watasema Mbwana maskini. Simtaki maskini. Namtaka mzima, mwenye miguu, ajue kwa mwili wake kile alichokifungia.

Pumzika. Mwambani bado tunakwenda, na ndoo yako anaibeba Bi Mwantumu. Ahadi yangu ni hii: sitamwachia kaka kiwiko mpaka vidole vyake viguse mstari wa dirishani. Vitagusa, anaendelea vizuri. Na Idi itakayofuata ataweza kuunyoosha mkono wa kulia sawasawa, mbele yangu, bila kutetemeka.

Wangu utakuwa ndani ya khanga.

Mdogo wako,
Saida