Bastola Iliyomkwamia Shangazi Rania

Nkoma, Mbale
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana unapopanda ngazi za msikiti. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na Magidu, ameacha kulia akipelekwa shule? Sisi huku Nkoma ni wazima, alhamdulillahi. Mvua inanyesha kila alasiri na sare zangu hazikauki, lakini ugonjwa hatuna.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii, na mara zote mbili niliishia kuuliza habari za kuku. Kwenye karatasi naweza kumaliza sentensi. Nakuomba uisome peke yako, na uisome kabla ya Jumamosi.

Habari kubwa umeshaipata. Shangazi Rania ameshinda. Katika mashindano ya mikoa ya kulenga shabaha kwa bastola, dada yako alikuwa askari mwanamke pekee kati ya washindani ishirini na wanne, na amekuwa wa kwanza. Lakini alipokupigia alikuwa akipiga kelele na mtandao ukakatika, kwa hiyo umesikia mwisho tu. Mimi nataka kukueleza tulivyofika hapo.

Likizo ilipoanza, Shangazi alinichukua kwenda naye mazoezini, kwenye uwanja wao ulio upande wa Nakaloke. Nilikaa nyuma kabisa, penye benchi, nikiwa na kitabu changu. Ahadi niliyokupa siku ulipostaafu jeshini, kwamba sitagusa silaha, nimeishika mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kuandika alama za kila mpigaji. Sajenti Geresom, mtunza ghala lao la silaha, aliona mwandiko wangu akasema daftari la timu nilishike mimi, maana la kwake hata yeye mwenyewe hawezi kulisoma. Tangu hapo akawa ananiita Profesa.

Timu ina watu wanne, na kila siku bastola zilikuwa zinakwama. Zikiwakwamia wanaume, walisema risasi hizi ni za zamani. Ikimkwamia Shangazi, walisema ni mkono. Sajenti Geresom alieleza kwamba bastola ya aina hii hujipakia kwa nguvu ya teke inalorusha nyuma inapofyatuliwa, na kama kifundo cha mkono ni kilegevu, nguvu hiyo inapotea na mtambo wa juu haurudi nyuma mpaka mwisho. Hilo ni kweli, Baba, nimelisoma pia. Lakini Romano, yule anayejiona ndiye nahodha, alilifanya wimbo. Alimwambia Shangazi aishike bastola kama anavyoshika mwiko wa kusongea posho, labda itamtii. Shangazi akamjibu kwamba mwiko wake umeshanyoosha migongo minene kuliko wa Romano. Wote walicheka, lakini usoni mwa Shangazi hapakuwa na kicheko. Tukiwa kwenye bodaboda kurudi nyumbani aliniambia kwamba mkubwa wao amempa mpaka Alhamisi ya wiki inayofuata. Bastola ikiendelea kumkwamia, nafasi yake inakwenda kwa askari wa akiba. Alisema hatajali. Usiku huo hakula.

Mimi sikujua kumfariji, kwa hiyo nilichora jedwali. Kila ilipokwama, niliandika jina la mpigaji, bastola ipi, na ilikwamaje. Baada ya siku tatu niliona kwamba kulikuwa na magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja. Wakati mwingine risasi mpya ilikuwa haiingii: kichwa chake kinanyanyuka na kugonga juu ya mlango wa chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa. Wakati mwingine risasi ilipigwa vizuri, lakini ganda lake tupu lilikataa kutoka, na risasi iliyofuata ikaja kulisukuma kwa nyuma.

Ule ugonjwa wa kwanza ulimpata kila mtu, hata Romano mara nne. Sasa, pale uwanjani wana desturi moja. Mazoezi yakiisha, magazini zote, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini, hutupwa katika beseni moja zifutwe, na kesho yake kila mtu anaokota yoyote. Mimi ni msimamizi wa maktaba shuleni, Baba. Vitabu visivyo na namba nikiviona nakosa usingizi. Nilitaka kumwambia Sajenti, lakini kila nilipomkaribia niliishia kumuuliza saa, basi nikamwandikia kikaratasi nikakiacha juu ya daftari. Nilimwomba ruhusa ya kuzitia magazini namba, kwa rangi ya kucha ya Shangazi. Alikisoma, akanitazama, akasema Profesa amependekeza tuzipeleke silaha saluni. Lakini aliniruhusu, na zikiwa tupu nikazitia namba moja mpaka kumi na mbili, kwa rangi nyekundu.

Siku mbili zilitosha. Ugonjwa wa kwanza ulitokea mara tisa, na mara zote tisa ilikuwa magazini namba saba. Ilimkwamia Shangazi, ikamkwamia Romano, ikamkwamia hata Sajenti alipoijaribu mwenyewe. Aliiweka kando ya namba nane akaonyesha midomo yake: ile ya namba saba ilikuwa imepanuka kwa unene wa ukucha. Bila shaka iliwahi kuangushwa kwenye saruji. Kwa hiyo ilikuwa inaiachia risasi mapema. Sajenti aliitoa kwenye beseni, akaandika kwenye daftari kwamba haifai tena, kisha akasema mbele ya wote kwamba inaonekana magazini hii ina mkono mlegevu. Romano alijifanya anafunga kamba za viatu.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ugonjwa wa pili ulibaki, na huo ulikuwa wa bastola ya Shangazi peke yake. Siku ya Jumatatu maganda yalikataa kutoka mara sita. Romano akapata nguvu tena. Alisema mwiko umerudi jikoni.

Jumanne nilimtazama Shangazi akisafisha. Alifanya kila kitu ulivyomfundisha, kwa mpangilio uleule, kisha akatoa ile chupa ndogo ya dawa ya kikohozi unayomjazia kila mwezi mafuta ya simsim uliyoyakamua mwenyewe kwa mbegu za ufuta, akapaka chemba na ile ndoano ndogo inayovuta ganda. Nilipoitazama ndoano hiyo kwa karibu, bila kuigusa, niliona chini yake tope la kahawia linalong'aa. Tope hilo nalijua. Liko kwenye ubavu wa kikaango chetu, na nimelisugua kwa majivu mpaka vidole vikauma. Jioni nilifungua kitabu cha kemia na kusoma kuhusu mafuta yanayotokana na mbegu. Yakipata joto na hewa mara nyingi, huganda yakawa kama gundi. Na chemba inayopiga risasi mia kwa siku ina joto la jiko.

Nilimwambia Shangazi kwa sauti ndogo niliyo nayo. Hakunikaripia, lakini alisema mafuta hayo yalimtunza kaka yake miaka ya vita, wakati hapakuwa na mafuta mengine, na bunduki yake haikumwangusha hata siku moja. Akasema watu wamezoea kutucheka Wanubi kwamba tumezaliwa tumeshika bunduki. Kama yeye naye atasema mbele ya Romano kwamba mafuta ya kaka yake Muhamad ni mabaya, basi heri bastola ikwame. Kisha akaniambia nikachambue mchele.

Jumatano ilikuwa siku ya ukaguzi, na Sajenti Geresom alizisugua bastola zote yeye mwenyewe kwa brashi ya shaba, chemba na ndoano. Shangazi alikwenda nyuma yake akapaka kutoka kwenye chupa yake, kama kawaida. Alhamisi alipiga risasi hamsini mbele ya mkubwa wao. Hakuna iliyokwama. Nafasi ikabaki yake.

Na Jumamosi, Baba, laiti ungekuwepo. Risasi thelathini, tano tano. Nilihesabu maganda kwa macho. Kila moja liliruka kulia na kuanguka majanini, moja baada ya jingine, mfano wa mahindi ya kukaanga. Katika tano za mwisho askari mmoja kutoka mkoa mwingine alikuwa anamzidi alama mbili, na bastola yake ikakwama, akababaika, akapiga nje. Shangazi hakumtazama hata kidogo. Alipiga tano zake kama anayetia saini. Alipotangazwa, Romano ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba begani, akipaza sauti kwamba huyu ndiye mama aliyemfundisha kulenga. Nami nilipiga kelele. Sikujua kwamba ninaweza.

Sasa nimefika kwenye jambo lililoniandikisha barua hii.

Yale hayakuwa mafuta yako. Usiku ule wa Jumanne nilimimina simsim yote kwenye bakuli, nikaiosha chupa kwa maji moto na sabuni. Asubuhi nilimwachia Sajenti kikaratasi cha pili, akanijazia mafuta ya silaha bila kuuliza neno. Rangi yake ilikaribiana na ya simsim, lakini harufu haikuwa ile. Kwa hiyo nilipaka tone moja la simsim nje ya kifuniko, ili Shangazi akiifungua asikie harufu ya mafuta yako. Hilo tone ndilo linalonichoma kuliko yote. Mafuta yako hayakupotea. Nilikaangia mboga, naye akayasifu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mkubwa wao alipomuuliza siri ya ushindi, Shangazi aliinua chupa juu mbele ya watu wote akasema siri ni mafuta ya kaka yake wa Bugembe. Na mkubwa akaagiza lita tano, zitumike kwa timu nzima. Jumamosi hii Shangazi anakuja kwako na medali, na dumu.

Baba, sisemi ulimfundisha vibaya. Ulikuwa na risasi chache na ulisafisha kila siku, na ulitumia kilichokuwepo. Kama ungekuwa na hii bastola na hizi risasi, wewe mwenyewe ungeliona lile tope kabla yangu. Naomba tu usikamue hizo lita tano.

Wala usimwambie wewe. Nitakuja naye. Akishaketi, kabla Mama hajaleta chai, nitasimama mbele yenu wote wawili na kulisema mwenyewe, kwa mdomo. Nikianza kuuliza habari za kuku, nizuie.

Msalimie sana Mama, na umbusu Magidu kwa niaba yangu. Wape salamu jamaa wote wa Bugembe. Mwenyezi Mungu akupe afya na alipunguzie goti lako maumivu.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Juwairiya