Samadi kwa Mti wa Mama

Baraka, Novemba 1999

Kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa Suzanne,

Salamu hizi zivuke ziwa salama zikukute mzima, wewe na watoto. Homa ya Dieumerci imepoa? Turubai mliyopewa kambini bado inavuja? Sisi huku tunaamka, tunapika tunachopata, tunamshukuru Mungu kwa pumzi. Nimeandika "sisi", na neno hilo utalielewa mbele. Usiruke kurasa kulitafuta.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mama anayevusha mawese. Unaniuliza tena kwa nini sivuki. Baba mudogo Anatole amekuandikia kwamba nimeharibika kichwa, kwamba nimebaki Baraka peke yangu kwa ajili ya mti. Amekupa nusu ya ukweli. Nusu nyingine pokea kwangu.

Unaukumbuka mti wa mama wa pale salon, tunapopokea wageni, jamaa ya mitini, ule ambao baba aliuleta kwa mashua kutoka Bujumbura, wenye majani mapana kama magitaa. Niliporudi kutoka mafichoni Kilembwe nilikuta wameng'oa milango, wamebeba viti, sufuria, hata msalaba wa ukutani. Mti waliuacha. Nani aibe mti uliopandwa ndani ya ndoo? Ulikuwa umesimama karibu na dirisha, umebaki na majani matatu yaliyoungua pembeni, udongo umekauka mpaka umeachana na ndoo. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia. Halafu nikaona haya, nikanyamaza. Nikajiambia kwamba kila kilichokufa katika mji huu kilikufa bila kuniomba ruhusa. Huu hautakufa, kwa sababu mimi nimekataa.

Nilianza vibaya. Nilizoa mavi mabichi ya mbuzi nikayarundika shinani, nikidhani mwenye njaa nyingi apewe chakula kingi. Mizizi ikaungua, majani mawili yakaanguka. Baba mudogo alinikuta nimeinama juu ya ndoo, akapiga makofi kwa mshangao.

“We Divine,” akasema, “batu banakufa na njala, we unalisha muti? Hata haizae kitu ya kula!”

Nikamjibu kwamba kaburi la mama nalo halizai, na kila Pasaka tunalipalilia. Aliondoka bila kuaga.

Ndipo nikakumbuka mama alikuwa anaulisha nini. Samadi ya ng'ombe. Na unajua alikuwa anaitoa kwa nani: kwa Nyiransengimana, yule mjane wa kutoka milimani aliyeuza maziwa nyuma ya soko, aliyekuwa anakaa na mama barazani wakichambua maharagwe na kucheka mpaka baba aulize kuna nini. Yaya, najua jina hilo linavyokuchoma. Usiitupe barua. Endelea kusoma.

Wakati ule hakuna aliyemsalimia tena, kwa kuwa askari walioshika mji walisema lugha yake. Watu walipita mbele ya kibanda chake kama wanaopita kando ya shimo. Ng'ombe wake walikuwa wameibwa, amebaki na mmoja mzee asiye na maziwa. Mi nilikwenda mchana, beseni kichwani. Nilipofika sikujua nianzie wapi, nikasema tu kwamba mti wa mama Marie unakufa. Hakuniuliza kwa nini sikuja mapema. Aliniuliza umebaki na majani mangapi. Nilipomwambia limebaki moja, akainuka.

Akanipeleka nyuma ya zizi kwenye lundo la zamani, samadi iliyokwisha kuoza ikapoa, nyeusi, hainuki kitu ila udongo. Alinieleza kwamba mbichi ni moto, inaunguza. Kwanza niunyweshe maji matupu. Kisha niloweke samadi, niichuje kwa kitambaa, niongeze maji mpaka yafanane na chai hafifu, ndipo nimwagie. Nifanye hivyo mvua zikirudi, mti ukiwa macho. Wakati wa kiangazi niuache ulale. Akaongeza kwamba mama naye alikuwa na haraka kama mimi, akaunguza mti wa kwanza kabisa. Yaya, kumbe kulikuwa na wa kwanza! Ule tuliokua nao, tuliokatazwa hata kuugusa, ulikuwa wa pili. Baba alirudi Bujumbura kimyakimya kuutafuta. Nilicheka pale zizini. Sikuwa nimecheka tangu nirudi.

Nikapita sokoni na beseni langu limejaa. Bamama wa ndagala, wauza dagaa, wakaacha kuuza. Mmoja akapaza sauti kwamba Divine sasa anabeba mavi ya adui. Nikasimama, nikageuka, nikasema wasikie mpaka ufukweni: “Mavi ya ng'ombe haina kabila!” Wawili watatu wakacheka, mwingine akatema mate. Juma lililofuata nikapita tena njia ileile, na beseni lilelile.

Mti uliitika. Kwanza ilitoka ncha ya kijani ndani ya ganda la kahawia, kisha jani laini linalong'aa kama limepakwa mafuta, kisha jingine. Nikamwita Nyiransengimana aje aone kazi yake. Tangu hapo akawa anakuja Jumapili akitoka ibadani kwao. Tulifuta vumbi kwenye majani, tukanywa chai bila sukari, tukamtaja mama.

Mwezi uliopita askari waliokuwa wameshika mji waliondoka ghafla, na vijana wa porini, wapiganaji wa upande wetu, wakaingia. Watu wa milimani waliokuwa wanakaa hapa walikimbia nyuma ya askari. Nyiransengimana hakuweza, goti lake limevimba, hatembei mbali. Asubuhi vijana wakachoma kibanda chake. Nilimkuta ameketi kando ya moshi, amevaa kitenge chake cha ibada kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikamshika mkono. Tukapita barabara kubwa, polepole kwa sababu ya goti, mji mzima ukitutazama.

Hata hatujanywa maji, vijana wakafika uani na bunduki. Mbele yao alikuwa Guy, mtoto wa jirani, yule uliyemfundisha kusoma.

“Nani iko ndani?” akauliza.

Sikudanganya, yaya. Nimechoka kudanganya ili niishi. “Iko Nyiransengimana,” nikasema. “Iko kwa kitanda ya mama. Mulango hakuna, baliibeba. Mulango ni mimi.”

Akaniambia nitoke. Nikasema sitoke. Akauliza kama nimesahau damu ya shemeji Henri, baba wa watoto wako. Nikamjibu kwamba Henri nilimuosha mimi, kwa mikono hii, nilipompata amelala njiani Nundu. Kwamba mama huyu hakuwa na bunduki siku ile, wala leo hana. Na kwamba anayetaka kumlipizia Henri akamtafute mwenye bunduki, asimtafute mwenye goti bovu. Guy alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtoto asiyepata usingizi. Wenzake walizoa mahindi yangu yaliyokuwa yanakauka uani, na mmoja akapitisha mtutu dirishani akasukuma ndoo yenye mti, ikaanguka ikapasuka. Kisha Guy akawaita, wakaenda.

Tuliuinua mti pamoja, tukaupanda upya ndani ya beseni la kufulia. Majani mawili yamepotea. Mengine yamesimama.

Sasa, yaya, neno ambalo nataka ulisikie kwangu kabla Anatole hajalipeleka. Mji umetulia kidogo, na juzi jamaa za Nyiransengimana walituma mtu wa kumrudisha kwao. Nyiransengimana alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake ndani ya kitenge, ananishukuru. Angekwenda. Mimi ndiye niliyemwomba abaki. Sikufanya hivyo kwa huruma; huruma ilikuwa ile siku ya moshi. Nilimwomba kwa sababu nyumba ina mtu wa kuongea naye, na kwa sababu sitaki wenye bunduki wanichagulie ninayekula naye. Akakubali. Analala chumba cha mama, kile ulichosema kitakuwa chako ukirudi.

Waliomuua Henri walisema lugha yake. Najua. Siku tulipomzika uliapa hutakaa tena chini ya paa moja na mtu wa lugha ile, nami nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unalia. Leo sinyamazi. Uchungu ni haki yako, siwezi kukuondolea. Lakini mama huyu simtoi, wala siombi msamaha. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ila usikasirike huko ng'ambo, chini ya turubai. Njoo ukasirike hapa, ndani ya nyumba yetu, mbele yangu na mbele yake. Chumba cha pili nimekifagia.

Wabusu watoto. Uwasalimie wa Baraka wote mlio nao kambini, na uwaambie bado kuna moshi wa jiko kwetu.

Nyiransengimana anakusalimu. Amenikataza kuandika hivyo. Nimeandika.

Ni mimi mudogo wako,
Divine