Kwa Breki, Aliyeondoka na Mwisho wa Wimbo

Mwaka mmoja umetimia, Breki, tangu uliposema unajilaza kidogo kabla ya mazoezi, ukamwambia mpiga besi aendelee kukaza nyuzi, wewe unakuja. Hukuja. Mpiga besi mpaka leo hakumbuki kama alimaliza kukaza.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako. Kalamu nimeishika mimi mkeo, kwa hiyo utavumilia maneno yangu kama ulivyoyavumilia siku zote. Kuna watu watakaosoma hapa ambao hawakukujua. Hao nitawasimulia mbele yako, maana hukupenda kusengenywa.

Mchana ulikuwa fundi wa ala za muziki. Kibanda chako kilijaa magitaa yaliyopasuka tumbo, ngoma zilizotoboka ngozi, saksafoni zilizokohoa badala ya kulia, na kinanda cha shule ambacho kila muhula watoto walikirudisha na jino jingine limeng'oka. Hukumfukuza mtu. Babu mmoja alikuletea zeze lake limevunjika shingo, ukalitengeneza, kisha ukakaa naye akupigie nyimbo zote alizozijua, na chakula changu kikapoa mezani. Nilinuna. Wewe uliingia ndani huku unapiga mluzi wa zeze.

Jioni ulikuwa mtunzi na kiongozi wa bendi. Nyimbo zako zote ulizitungia kwenye meza yetu ya kulia. Ulianza na mapigo, kwa kijiko. Baada ya mapigo ikaja besi, uliyoiunguruma kooni mpaka glasi zikatetemeka kabatini, kisha gitaa la solo. Maneno yalikuja mwisho, na mara nyingi uliyaiba kinywani mwangu. Nigombe Jumatatu kuhusu maji yaliyomwagika jikoni, Ijumaa naisikia bendi nzima ikiitikia "futa, futa, kabla hajaja." Sikukusamehe kwa hilo, wala sikukosa kuucheza wimbo wenyewe.

Ila jambo moja hukulitunga mezani. Nyimbo zako hazikuwa na mwisho. "Mwisho unatungwa na wachezaji," ulikuwa ukisema, na wapigaji wako wakazoea. Ukumbini ulisimama mbele ya bendi ukitazama miguu ya watu. Ukiona wametosheka, uliinua shingo ya gitaa juu, mara moja, na bendi nzima ikakata katika pigo moja kama mtu aliyefumba mdomo. Ndipo walipokupa jina la Breki. Wengine walidhani ni mbwembwe. Mimi niliyekaa kiti cha mbele nilijua ulichokuwa unakitafuta. Ulikuwa unamtafuta aliyechoka kuliko wote. Ukimwona mama ameanza kushika kiuno, au mzee anatafuta ukuta kwa macho, ulisimamisha wimbo kabla hajalazimika kuondoka, ili asionekane yeye ndiye aliyeshindwa. Watu walirudi kwenye viti vyao wakidhani wimbo umekwisha wenyewe.

Sasa nikueleze ulichotuachia.

Ulituachia gitaa moja na watoto wawili. Mwanao wa kwanza, mpiga drams wako. Binti yako, mdogo wake, uliyemfundisha gitaa tangu mikono yake haijafika kwenye nyuzi zote. Siku ya kugawa vitu vyako, mdogo wako, ambaye hawezi kutofautisha besi na bakuli, alikaa kwenye kiti chako akatangaza, "Gitaa la baba ni la mtoto wa kiume wa kwanza. Hilo halina mjadala." Nilimtazama mwanao nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisimama, akalichukua gitaa kwa mikono miwili, akaenda kulifungia kabatini nyumbani kwake. Mtu ambaye hajui hata kukaza uzi. Binti yako alikusanya vikombe vya wageni, akaviosha vyote, akaenda zake chumbani, na tangu siku ile hao wawili hawakusemezana.

Unajua ni vibaya kiasi gani watu wa bendi moja kutosemezana? Sebuleni kwetu mazoezi yaliendelea, maana ulikuwa umewafundisha wimbo wako wa mwisho, kila mtu sehemu yake, na hakuna aliyetaka uoze. Lakini kila neno lilipitia kwangu. "Mama, mwambie anayepiga solo kwamba anakimbia." "Mama, mwambie anayepiga drams kwamba yeye ndiye anayekokota." Wamekaa hatua chache tu, na mimi katikati na birika la chai, nimegeuzwa posta. Wapigaji wengine wakawa wanatazama sakafu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kiongozi wa bendi ya mtaa wa pili akaanza kumsalimia mpiga besi wetu kwa upole wa kutia shaka, mara anamuulizia watoto, mara anamsifia viatu. Niliona wazi kwamba hawa wawili wasipopatana, bendi yako itakwisha, na nyumba nayo itafuata. Sikulala vizuri, Breki. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyokuzika.

Walikubaliana kitu kimoja tu, tena kwa kupitia kwangu. Bendi, ambayo ilikuwa haijapanda jukwaani tangu uondoke, ipande siku ya kukukumbuka, na iufunge muziki kwa wimbo wako wa mwisho. Mwanao akaweka sharti. Gitaa lako lingesimamishwa kwenye stendi yake, mahali ulipozoea kusimama wewe. "Pale hasimami mtu," alisema. "Wala asitokee mtu akainua gitaa kama Baba. Ile alama ni yake." Wote wakaitikia. Hata mimi niliitikia. Tuliona ni heshima.

Mkesha wa siku hiyo mwanao alinifuata jikoni. Nilimwambia nilichokuwa nimekimeza muda mrefu, kwamba gitaa asilolipiga halimfai kitu.

"Najua silipigi, Mama. Nafungua kabati, nalitazama."

"Na mdogo wako anapiga gitaa la kuazima."

"Yeye Baba alimfundisha goti kwa goti," alisema. "Aliupata uso wake. Mimi tangu utoto nimekaa nyuma kwenye drams. Nimeuona mgongo wa Baba, Mama. Mgongo tu, miaka yote. Sasa na gitaa nimwachie?"

Ulimpenda sana mtoto yule, nami nilijua, lakini ni kweli kwamba ulimpenda ukiwa umempa mgongo. Ndivyo jukwaa lilivyo.

Nikamwendea binti yako nikampelekea maneno hayo, ujumbe wa pekee katika mwaka mzima ambao sikutumwa. Alikuwa anasugua kikombe. Akaendelea kukisugua.

"Angesema," akajibu.

"Amesema."

"Amekwambia wewe."

Basi. Tukaenda ukumbini hivyo hivyo, kila mmoja na njia yake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, madirisha yamefunguliwa yote, viti vimesukumwa ukutani. Walikuja waliozicheza nyimbo zako tangu ujana wao. Nyimbo za zamani zilikwenda salama, kila mpigaji akikumbuka ulivyozoea kuzikata. Kisha wakaanza wimbo wako wa mwisho. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Ni wimbo mzuri, baba watoto. Tarumbeta inaanza peke yake kama mtu anayeita barazani, gitaa linamjibu, halafu besi na drams zinaingia kwa pamoja na miguu haina budi kutii. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, yule mama mwenye goti bovu uliyempenda kwa ukaidi wake, alikuwa wa kwanza kuingia katikati.

Ukapigwa, ukafika mwisho wa ubeti wa mwisho, ukarudi mwanzo. Watu wakashangilia. Ukarudi tena. Ndipo nilipomwona mpiga besi akitazama kwenye stendi, pale gitaa lako lilipokuwa limesimama peke yake. Mpiga tarumbeta naye akatazama. Walikuwa wanasubiri alama. Mazoezini wimbo ule ulikuwa ukijikatikia wenyewe, mara chai imeiva, mara jirani amegonga ukuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza utaishaje siku ya watu. Tulikuachia nafasi yako kwa heshima zote, tukasahau kwamba nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa na mwisho.

Ukarudi tena, na tena. Mpiga tarumbeta ni mtu mzima mwenye vidonge vya presha mfukoni, mashavu yake yakawa yanatisha. Wachezaji hawakuelewa kitu. Walidhani ndivyo ulivyotungwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka katika wimbo wako. Fundi cherehani akaanza kumshika mwenzake bega. Akabadilisha mguu. Nilimwona binti yako akimwona. Wewe ndiye uliyemfundisha kutazama, kwa hiyo alijua, alijua kabisa kwamba wimbo unapaswa kuishia hapa. Mkono wake ukakaza kwenye shingo ya gitaa la watu. Kisha akamtazama kaka yake aliyekataza, akaupitisha mwisho kana kwamba hakuuona. Wimbo ukarudi mwanzo.

Mwanao aliona yote. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye viwiko. Angeacha kupiga, wimbo ungeanguka kama sinia la vyombo, mbele ya watu wote, siku yako. Angeendelea, mama wa watu angeanguka. Na mwenye uwezo wa kumwokoa alikuwa mmoja tu, ambaye hakuwa amesema naye neno mwaka mzima. Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Hakukuwa na ujumbe wa kupeleka.

Na nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Ukumbi mzima ulitaka wimbo ule uishe isipokuwa mimi. Kila uliporudi mwanzo nilijisemea, bado yupo, atainua gitaa sasa hivi. Nilikuwa namhurumia fundi cherehani kwa jicho moja na kwa jingine naomba avumilie.

"Mdogo wangu."

Hakuniambia mimi. Alimwita mwenyewe, juu ya kelele za drams zake.

"Simamisha."

Binti yako akatikisa kichwa. "Ulisema nisiinue."

"Si hilo," mwanao akasema. "La Baba. Lichukue. Nakuomba."

Binti yako akalivua gitaa la kuazima. Solo ikatoweka, wimbo ukabaki mifupa, na ukumbi mzima ukageuza shingo. Akaenda mahali pako. Akalichukua gitaa lako, akachomeka waya, spika zikapiga mshindo. Nyuzi zilikuwa zimelegea kwa kukaa kabatini, na muda wa kuzikaza haukuwepo. Alichopiga hakikuwa muziki mzuri, Breki. Ungekunja uso. Alipiga mzunguko mmoja hivyo hivyo, sauti ikipinda huku na kule, na hakuna aliyecheka. Kisha akafanya jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Akatugeuzia mgongo sisi wote, ukumbi mzima, akamwelekea kaka yake. Akainua shingo ya gitaa huku amemkazia macho, naye amemkazia macho, na bendi ikakata katika pigo moja.

Fundi cherehani akaketi palepale sakafuni, akanyoosha mguu wake, akasema, "Haya, huo ndio wimbo." Watu wakapiga makofi. Mimi nililia kwa sauti, mbele za watu, bila leso. Nilijua sasa kwamba umeondoka. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa tu.

Walipokuwa wanafungasha vyombo nilisimama karibu, nikijifanya natafuta mkoba.

"Nyuzi zimekufa," binti yako alisema.

"Nitaleta nyingine kesho."

"Lete gitaa. Nyuzi ninazo."

"Nije saa ngapi?"

"Njoo tu. Na utakaa mbele, nikufundishe kukaza. Aibu."

Alikuja. Walikaa kwenye ile meza ya kulia, goti kwa goti, na mwanao akakata uzi wa kwanza kwa kukaza kupita kiasi, akatukanwa ipasavyo. Mpiga besi naye ametuambia kwamba viatu vyake ni vilevile vya zamani na havistahili sifa za mtu yeyote.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, niliyeibiwa maneno. Mdogo wako, ambaye tumemwomba asigawe tena kitu. Wapigaji wako wa besi, gitaa la kati, saksafoni na tarumbeta, huyu wa mwisho akiwa bado anapumzika kwa amri ya daktari. Majirani wa upande wa ukuta. Na wanao wawili, ambao wameniomba niwaandike mstari mmoja, kisha wakabishana mbele yangu nani atangulie, wao kwa wao, bila kunigeukia hata mara moja.

Hutatutoka moyoni kamwe, Breki. Sasa pumzika.