Zawadi za Idi kwa Wanafunzi wa Baba

Kisauni, Mombasa
Tarehe 9, Mfungo Mosi

Kwa kaka yangu mpenzi Hussam,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia, na saumu umeimaliza salama katika joto hilo la Doha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba mzima, ila goti lake la kulia hutabiri mvua kabla ya redio, na mwaka huu halijakosea hata mara moja. Mimi pia ni mzima. Nimenenepa kidogo, na usicheke, tambi za Idi hazina huruma.

Utashangaa kuletewa karatasi badala ya ujumbe wa simu. Kwenye simu ukiudhika hukata, nami nikikatwa hupoteza ujasiri. Barua huwezi kuikata. Labda uichane, na hata hivyo utakuwa umekwisha kuisoma. Atakukabidhi Faki, mtoto wa jirani yetu, anayerudi kazini huko Jumamosi.

Katika salamu zako za Idi ulisema tena kwamba hutakuja, si sikukuu hii wala ile ya kuchinja ya Mfungo Tatu, na kwamba nyumba ya Kisauni haina mkeka wako. Hata wakati wa msiba wa Mama wewe ulilala Likoni kwa mjomba, ukawa unakuja matangani kama mgeni. Hussam, nataka uje nyumbani. Hilo ndilo jambo lililonishikisha kalamu, na haya mengine yote yanaelekea huko, hata kama naanza na habari za zawadi.

Mwaka huu Baba aliniachia mimi kazi ya kuwachagulia wanafunzi zawadi. Desturi yake unaijua, haijabadilika. Ramadhani ikiandama vyombo vyote vya muziki hufungwa vitambaa na kuwekwa chumba cha ndani, na siku ya pili ya Idi wanafunzi huja, vyombo vikafunguliwa, kila mmoja akapewa chake. Sharti lake nalo ni lile lile, kwamba zawadi ya mpigaji iwe kitu kinachoisha. Chombo kizima hatoi, kwani husema apewaye chombo bure hukitundika ukutani akasahau kukipiga.

Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Watu wengi huamini kwamba mtu wa muziki atafurahia chochote chenye picha ya muziki. Mwaka juzi shangazi aliniletea saa ya ukutani yenye umbo la gitaa. Mimi na gitaa wapi na wapi? Saa yenyewe iko nyuma dakika ishirini, na kuiondoa siwezi kwa sababu shangazi kila akija huikagua. Basi mimi tangu kabla ya Ramadhani, vyombo havijafungwa, nilijiwekea sheria ya kutomnunulia mtu kitu kabla ya kumtazama akifanya mazoezi, nione kinachomkwamisha ni nini.

Darasa siku hizi lina watu watatu tu. Wa kwanza ni Garama, kijana wa Kigiriama anayejifunza udi. Mchana hubeba magunia ya viazi na vitunguu soko la Kongowea, jioni huja hapa. Nilikuwa nimekwisha kumnunulia nyuzi, nyuzi nzuri kutoka mjini, hadi nilipomtazama vidole. Vilikuwa vimepasuka kwa kamba za magunia, na kila akibonyeza uzi hukunja uso. Nikaenda kumnunulia glavu ngumu za kazi. Baba alisema tangu lini glavu zikawa za muziki. Nikamwuliza vidole vikiisha kabla ya nyuzi, hizo nyuzi atazipiga nani? Akacheka, akasema pia glavu zinaisha, kwa hiyo sharti halikuvunjwa. Garama alipewa vyote viwili.

Wa pili ni Quinter, msichana wa bara anayefanya kazi kiwanda cha ndoo za plastiki huko Changamwe. Anajifunza fidla, na Jumapili huipiga kanisani kwao. Nilimwuliza kama haoni vibaya kupewa zawadi ya Idi, akanijibu kwamba yeye hajawahi kuiuliza zawadi dini yake. Nilimpa ulimbo wa kusugulia upinde, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeyeyuka kwa joto la chumba chake cha mabati ukagandana na kitambaa, na upinde bila ulimbo huteleza tu juu ya nyuzi bila kutoa sauti. Alipoufungua alinikumbatia mbele ya Baba, na Baba akajifanya kutazama dirishani.

Aliyenishinda ni Bakari wa Kiembeni, mpiga dumbaki. Nilitaka kumpa dumbaki ya ngozi ya plastiki, ambayo haijui jua wala mvua, na nilikuwa tayari kumwomba Baba alegeze sharti lake mara moja. Bakari alikataa kwa adabu. Alisema plastiki haina roho, afadhali apewe ngozi ya mbuzi ya akiba. Nilimbembeleza wiki nzima hata akaanza kunishangaa, na sikumwambia kwa nini. Ngozi ya mbuzi ikipigwa na unyevu hulegea, na ili ikaze lazima ipashwe moto juu ya seredani ya makaa. Nami sipendi kuona seredani ikiingia chumba chenye vyombo. Mwishowe nilishindwa, nikamnunulia ngozi.

Siku ya pili ya Idi mvua ilinyesha tangu asubuhi, kama goti lilivyosema. Wanafunzi walikuja, tukala, zawadi zikatolewa. Bakari akagonga dumbaki yake ikalia kama kikapu, akaomba makaa. Nilimletea seredani mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa nimeilaza kanuni mapajani, na nyuzi zake sabini na ushee, naifungua kitambaa chake. Quinter, ambaye huuliza kila kitu, akaniuliza kama hiyo ngozi iliyo chini ya nyuzi za kanuni nayo si hulegea, na kwa nini haipashwi moto kama ya Bakari.

Baba alimjibu kutoka kitini mwake, kwa sauti ya chini, kama afundishavyo siku zote. Alimweleza kwamba ngozi ya kanuni ni nyembamba, na imebeba miguu ya daraja linaloshikilia nyuzi zote, kwa hiyo moto huikaza mpaka ikapasuka. Akasema jambo hilo liliwahi kufanywa humu ndani, na mwanawe wa kiume, Hussam, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote aliowafundisha, na kwamba lililomuumiza si kanuni, ni mtoto kukana mbele ya macho yake na moto angali ameushika.

Kaka yangu, sasa soma taratibu. Si wewe uliyeweka ule moto. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi ile Baba alilalamika kwamba kanuni imelegea kwa mvua za masika, na jioni yake ilikuwa inatakiwa harusini. Alipokwenda msikitini alasiri, nikasema nitamfurahisha. Nilikuwa nimewaona wapiga ngoma wakizipasha ngozi tangu nijue kutembea, nikadhani ngozi ni ngozi. Niliisogeza seredani chini ya ubavu wa kanuni. Mama akaniita, nikaitika abee, nikaenda jikoni kumshikia chujio la tui. Niliposikia ule mlio wa kupasuka nilijua. Wewe ulitoka uani ukakimbilia kuiondoa seredani, na Baba akaingia akakukuta umeishika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, naona kila kitu.

Ulisema si wewe. Ulisema mara tatu, na hukumtaja mtu. Sijui kama ulijua ni nani. Kama ulijua ukaninyamazia, sina neno ila kuinamisha kichwa. Baba akasema mkono wa muongo hautagusa nyuzi tena nyumbani mwake, na wewe unajua zaidi yangu ulivyokaa barazani miaka mitano kila darasa likianza, mpaka ulipopata kazi mbali ukaondoka.

Husemwa njia ya muongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na miwili. Na nisikudanganye tena kwa kusema nilinyamaza kwa woga. Woga ulikuwa wa wiki ya kwanza tu. Kanuni ilipotoka kwa fundi Baba hakuwa na mwanafunzi wa kuipiga, akaniita mimi, akanikalisha pahala pako. Nikapapenda. Kila nilichonacho leo, jina langu, wanafunzi wanaoniita mwalimu, harusi ninazoalikwa, vyote nimevipata nikiwa nimekaa kwenye mkeka wako, na kila nilipofikiria kusema kweli niliona nitaambiwa niinuke. Hiyo ndiyo sababu, nayo ni mbaya kuliko woga. Nimekudhulumu, Hussam. Naomba unisamehe, na sikuombi uharakishe.

Yote haya niliyasema siku ile ile, mbele ya Baba na wanafunzi wote watatu, kwa kuwa yeye alikutaja mbele yao. Bakari aliiondoa seredani bila kuambiwa. Baba hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Aliwaambia wanafunzi waendelee na mazoezi, akaingia chumbani, na hatukumwona tena mpaka magharibi.

Kesho yake baada ya chai aliniita. Alisema alimhukumu mwanawe kwa moto alioukuta mkononi mwake, asiulize ni nani aliyeuweka, na kwamba kosa langu lilikuwa la mtoto lakini lake lilikuwa la mtu mzima. Akasema nikikuandikia nikuambie hivyo hivyo kwa maneno yake, kwa sababu yeye simu hawezi, sauti haimtoki. Mimi nimekwisha kukuambia.

Kisha akasema katika zawadi za mwaka huu kuna mwanafunzi mmoja aliyerukwa, na ya huyo ataichagua mwenyewe. Anataka kukutengenezea pete mbili za fedha kwa sonara, zile zinazovaliwa vidole vya shahada ili zishike risha za kupigia kanuni. Pete za namna hiyo hazinunuliwi kwa kukisia, zikilegea risha huzunguka, zikibana kidole hufa ganzi. Akaniuliza vidole vyako vina unene gani. Nikamwambia sijui. Akasema yeye pia hajui, maana mara ya mwisho alipokushika mkono kukufundisha ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hapo alilia, na sikuwa nimemwona akilia ila siku tuliyomzika Mama.

Garama, Quinter na Bakari wanakusalimu, ingawa hawajakuona. Shangazi anakusalimu sana na anauliza unaoa lini. Mjomba wa Likoni hajambo.

Basi nakuomba hili moja. Ukiwa bado na hasira, na ni haki yako, chukua uzi, zungusha kidole cha shahada cha kulia, ukate unapokutana, kisha fanya vivyo hivyo cha kushoto, umpe mtu yeyote anayekuja Mombasa. Na Mungu akikulainisha moyo, usitume uzi. Mfungo Tatu ni miezi miwili tu kutoka sasa, na sonara anasema vipimo vinavyofaa zaidi ni vya mkono wenyewe.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Khairiya