Mama mkwe amkanda Eufrazia na ganzi yake

Jesca, pokea simu basi!

Eufrazia kajifungua kwa upasuaji, mtoto mzima. Wamemchoma sindano ya ganzi tumboni, kidonda hakimuumi kabisa, anacheka tu.

Sasa mama mkwe wake kashuka kutoka Matombo na chupa ya chai imejaa maji ya moto. Eti lazima mzazi akandwe! Nani amzuie mkwe?

"Yanaunguza, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Akaongeza ya moto zaidi. Jesca, AKAONGEZA!

"Na sasa?"

"Wala, mama."

Nesi kuingia tu, kapiga yowe. Tumbo malengelenge matupu!

Bibi wa watu analia, kitambaa bado mkononi. Eufrazia ndiye anambembeleza: "Mama, usilie, mbona siumwi."

Ganzi inaisha jioni hii. Na tumbo lake hajaliona.