Mtambo Umekula?

Baba Atupele, mume wangu,

Huku Masukulu mvua haijatupa nafasi tangu uondoke. Habari za mtambo wako wa gesi utazikuta mwishoni. Safari hii utangoja.

Unakumbuka siku tulipoulisha mara ya kwanza? Tulikoroga mavi ya ng'ombe na maji kwenye ndoo moja, mikono imezama hadi viwikoni, ukanishika vidole humo humo ndani ili majirani wasione. Nikakwambia, "We mwanaume, huna hata haya." Wiki kadhaa baadaye moto ulipowaka jikoni, wa buluu, bila moshi, mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Ukatueleza kwamba gesi ya mavi ikiachwa ipande angani inazidisha joto duniani, na nchi yetu sasa inatafuta namna ya kuipunguza. Jamani, nilijivunia mume.

Basi nchi ikakuchukua. Leo Dodoma, kesho Singida, unafundisha watu kujenga mitambo. Ukipiga simu, hata salamu hujamaliza, unauliza, "Mtambo umekula?" Kama mimi nimekula, huulizi. Wivu huo niliumeza. Nimwambie nani kwamba nalionea wivu shimo la saruji?

Ila picha uliyotuma juzi imenishinda. Wewe na yule mama wa Singida mwenye kitenge cha njano mmeinamia ndoo moja, mikono yenu haionekani. Chini yake umeandika kwamba mama huyo ni mwepesi kuelewa. Nimeikuza picha hiyo kwenye simu mpaka ikawa ukungu mtupu, natafuta vidole vyako viko wapi. Najua hiyo ni kazi. Lakini mikono yako ndani ya ndoo naijua pia. Nina wivu, Baba Atupele, na sioni aibu kusema.

Kwenye mikutano huwa unawaahidi watu kwamba mtambo wa mtu ukizimika, utakwenda mwenyewe kuukagua. Nilikusikia kwa masikio yangu.

Mama yako ameniuliza kwa nini tumerudia kuni. Nimemjibu kwamba gesi imekatika. Sijamwambia kuwa mavi nayamwaga migombani.

Habari za mtambo ndizo hizo: haujala. Ndoo nimeiosha, iko pale pale mlangoni, na maji ya kukorogea yapo. Njoo ukague.

Ni mimi mkeo,
Mama Atupele