Ndege Asiyetikisika wa Bwawa la Mkandaani

KAMATI YA KUTAZAMA NA KUTUNZA NDEGE, BWAWA LA MKANDAANI, NJIA YA TONGONI, TANGA

Kumbukumbu za kikao cha tatu, kilichofanyika Jumamosi tarehe 12 Juni 1954 baada ya sala ya alasiri. Kikao kilianza barazani kwa Mwenyekiti na kumalizikia ukingoni mwa bwawa, kwa sababu zitakazoelezwa. Katibu anatanguliza radhi kwa matone ya tope katika ukurasa wa mwisho.

WALIOHUDHURIA
Mzee Mwinyijuma bin Mselem, Jumbe – Mwenyekiti
Bw. Idarusi, mwenye duka – Makamu wa Mwenyekiti
Bw. Timotheo Mhina, mwalimu mstaafu – Katibu
Bw. Fanueli, dresa wa zahanati – Mjumbe

ASIYEHUDHURIA
Bw. Msafiri, Mjumbe. Amekwenda Muheza kununua machungwa. Udhuru ulipokelewa, ingawa Makamu aliomba iandikwe kwamba ndio udhuru ule ule wa kikao kilichopita, na kwamba machungwa yenyewe hajayaona mtu.

MWALIKWA
Bi. Mwanasiti binti Hatibu, mkulima wa mpunga. Makamu alisema mama huyu hakualikwa, amekuja tu. Mwenyekiti alijibu kwamba amekwisha kunywa kahawa ya nyumba hii, kwa hiyo ni mgeni, na mgeni ana haki zake.

KUMB. NA. 14/54: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, na Katibu akaruhusiwa kuitikia kwa namna ya kwao. Kisha Mwenyekiti alieleza, kwa furaha ambayo hakuificha, kwamba tarishi wa Boma amefika na habari: Jumatano ijayo Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, atakuja Mkandaani pamoja na bibi mmoja wa Kizungu, mjuzi wa ndege, ambaye amesafiri kutoka mbali makusudi kumwona ndege aliyegunduliwa na Kamati hii.

KUMB. NA. 15/54: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alisoma kwamba katika mwezi wa Ramadhani Kamati ilikwenda ukingoni kutazama ndege. Kwa kuwa darubini tuliyoazimwa na Boma ni moja, ilitumika kwa kufuata umri na cheo, kama ilivyokubaliwa tangu mwanzo, ili mdogo asitangulie kuona kabla ya mkubwa.

Mwenyekiti alimwona ndege mweupe, mrefu kama mtu, amesimama kwa mguu mmoja katikati ya majaruba ya mpunga, amenyoosha mabawa yote mawili, na kifuani ana baka la manjano. Ndege huyo hakutikisika tangu Kamati ilipofika mpaka ilipoondoka. Makamu alithibitisha, akaongeza kwamba kichwa chake ni cheusi na cha mviringo. Katibu alithibitisha. Bw. Fanueli alithibitisha. Habari zikapelekwa Boma.

Siku hiyo hiyo, kwa pendekezo la Bw. Fanueli, ilipitishwa Kanuni ya Tano: palipo na ndege aliyetua au kiota, shamba lote lifungwe kwa kamba, mtu asikanyage, asipige debe wala kutupa jiwe kwa kombeo, mpaka ndege huyo aondoke kwa hiari yake mwenyewe. Majaruba hayo, ambayo ni ya Bi. Mwanasiti, yakafungwa kwa kamba ya makumbi.

Kumbukumbu zilithibitishwa kuwa sahihi. Bi. Mwanasiti aliomba kusema. Aliambiwa zamu yake bado.

KUMB. NA. 16/54: MAANDALIZI YA KUWAPOKEA WAGENI
Makamu alionyesha kibao alichokichonga kwa ubao wa sanduku la sabuni, chenye maandishi NDEGE MWINYIJUMA, kwa kuwa ndege mpya lazima awe na jina na aliyemgundua anafahamika. Mwenyekiti alisema yeye hakuomba heshima hiyo. Aliuliza kama herufi haziwezi kuwa kubwa kidogo.

Makamu alipendekeza pia awepo mtu wa kuuza soda na biskuti karibu na bwawa siku ya Jumatano, akasema yuko tayari kujitolea. Bw. Fanueli aliuliza kama kujitolea huko ni kwa bei ya duka. Makamu alimjibu kwamba kazi ya dresa ni vidonda. Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 17/54: OMBI LA BI. MWANASITI BINTI HATIBU
Bw. Fanueli alimwamkia shikamoo na kumkaribisha aeleze haja yake kwa ufupi. Bi. Mwanasiti alijibu: "Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea, lakini siwezi kuipika."

Kisha akamgeukia Mwenyekiti, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu mumewe na ambaye kwa hiyo humwita shemeji. Alisema: "Shemeji, miye sikuja kugombana. Mpunga umetia maziwa, na ndege wanaula. Ndicho chakula changu na wajukuu zangu mpaka mwaka kesho. Dungu langu la kukaa juu kuamia ndege limekaa tupu, debe langu limeota kutu. Kila nikisogelea kamba, huyu mwana wa zahanati ananiambia nitamshtua ndege wako. Ndege gani huyo, hashtuki kwa mvua wala kwa upepo?"

Bw. Fanueli alisema kanuni ni kanuni, na kwamba yeye binafsi anamhurumia. Bi. Mwanasiti alisema huruma hiyo aipeleke majarubani akawafukuzie ndege.

Mwenyekiti alimsihi avumilie mpaka Jumatano, kwa kuwa jina la Mkandaani sasa linafahamika Boma. Bi. Mwanasiti alisema ikifika Jumatano hatakuwa na mpunga, atakuwa na majani. Kisha akauliza: "Hebu nielezeni. Huyo ndege wenu mnamwona pahala gani hasa?"

Makamu alimweleza kwamba ni katikati ya jaruba kubwa, usawa wa mnazi uliokatika kichwa.

Hapo Bi. Mwanasiti aliinamisha uso na kujifunika mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakawa yanatikisika. Katibu alidhani analia, akamwomba radhi kwa niaba ya Kamati. Ilidhihirika kwamba alikuwa anacheka.

KUMB. NA. 18/54: KANZU
Bi. Mwanasiti alieleza kwamba mguu mmoja wa ndege ni mti wa mkandaa, ambao aliuchimbia yeye mwenyewe. Kichwa cheusi cha mviringo ni chungu chake kilichotoboka. Mabawa ni fito iliyopitishwa katika mikono ya kanzu. Kwa ufupi, ndege aliyegunduliwa na Kamati ni sanamu aliyoisimamisha ili kuwatisha ndege.

Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ya chini, ni kanzu gani.

"Kanzu yako, shemeji. Bi. Asmahani alinipa Idi ya mwaka jana. Ile yenye doa la mchuzi kifuani."

Mwenyekiti alisema kanzu nyeupe ziko nyingi katika nchi hii. Ndipo ikasikika sauti ya mkewe, Bi. Asmahani, nyuma ya mlango: "Ndiyo ile, baba watoto. Ile uliyoitafuta siku nzima ukasema imeibwa."

Kahawa ilizungushwa tena, ingawa haikuwa wakati wake.

Wajumbe walijieleza mmoja mmoja. Makamu alisema kwamba Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuona kiwiliwili chote, na yeye aliona si adabu kurudisha darubini bila kuongeza chochote, kwa hiyo akaongeza kichwa. Katibu alisema kwamba miwani yake iligongana na vioo vya darubini, akaona ukungu mweupe, na kwa kuwa ndege alisemwa ni mweupe alitosheka. Aliomba radhi. Bw. Fanueli alisema zamu ilipomfikia jua lilikuwa limekwisha kuchwa na wazee wamekwenda kufuturu. Alithibitisha kwa sababu waliomtangulia wote walikuwa wamethibitisha, na yeye ni nani.

Mwenyekiti hakujieleza, wala hakuna aliyemwomba ajieleze. Macho yake yamemtumikia miaka mingi.

Makamu alipendekeza kila kitu kiachwe kama kilivyo mpaka Jumatano. Wageni wasimamishwe mbali, pale pale tuliposimama sisi. "Na wenzetu Wazungu nao wana adabu zao," alisema. "Bwana Nyama akisema amemwona, bibi yule atasema hakumwona?" Bw. Fanueli aliunga mkono, akieleza kwamba Kanuni ya Tano haisemi lazima ndege awe hai.

Bi. Mwanasiti alisema: "Basi mkimaliza kuwaonyesha Wazungu kanzu, njooni mniambie nitapika nini. Nitapika soda ya Bwana Idarusi?"

Mwenyekiti aliweka kikombe chake chini. Ilikuwa wazi kwamba hakupendezwa na pendekezo la Makamu, na wazi vile vile kwamba Jumbe hawezi kusimama mbele ya mji wake na kutangaza kwamba alisalimiana kwa darubini na nguo yake mwenyewe.

Katibu aliomba ruhusa ya kusema neno dogo. Alisema, kwa unyenyekevu, kwamba ndege ni kiumbe mwenye desturi ya kuhama. Tangu Kamati imwone ndege huyu siku nyingi zimepita, na labda ingefaa Kamati iende yenyewe ikatazame kama bado yupo. Aliomba radhi ikiwa amevuka mpaka.

Mwenyekiti alimtazama Katibu. Kisha akaomba aletewe makubadhi yake.

KUMB. NA. 19/54: KUTAZAMA
Kamati iliwasili ukingoni jua likiwa bado juu ya mikandaa. Makamu alitoa darubini katika mkoba wake na kumkabidhi Mwenyekiti kama ilivyo desturi. Mwenyekiti aliishika, akaigeuza geuza, akasema mgeni kwanza.

Makamu alisema darubini haijapata kushikwa na mtu asiye mjumbe, tena mwanamke. Mwenyekiti alimwuliza kama yeye Makamu akienda kwa watu hupakuliwa wa mwisho. Darubini ikapewa Bi. Mwanasiti.

Bi. Mwanasiti aliiweka machoni. Hakucheka tena. Aliizungusha polepole kutoka tuta la kwanza mpaka la mwisho, akasema: "Wamejaa, shemeji. Wanakula. Mmoja amekaa juu ya chungu, ameshiba hata hawezi kuruka."

Alimrudishia Mwenyekiti darubini. Mwenyekiti alitazama muda mrefu, na upepo ukawa unavuma kutoka baharini. Kisha alisema:

"Ameruka."

Makamu alinyoosha mkono kuomba darubini.

"Ameelekea upande wa Pemba," aliongeza Mwenyekiti.

Makamu alipokea darubini, akatazama, akathibitisha kwamba ndege ameruka, na kwamba alipofika juu ya bahari aligeuka nyuma mara moja, kama mwenye kuaga. Katibu, safari hii, alivua miwani kwanza. Aliiona kanzu waziwazi, imesimama pale pale, doa kifuani, mikono ikipepea. Alithibitisha kwamba ndege ameruka. Darubini ikamfikia Bw. Fanueli mwanga ukiwa bado mzuri. Bw. Fanueli alitazama kwa muda mrefu kuliko wote waliomtangulia, akasema kwamba ndege yule wa kwanza hayupo.

ILIAMULIWA:
Kwamba ndege ameondoka kwa hiari yake mwenyewe, kama Kanuni ya Tano inavyotaka.
Kwamba kamba iondolewe sasa hivi, na Bi. Mwanasiti aruhusiwe kuingia, kupiga debe na kutupa mawe apendavyo.
Kwamba Boma lijulishwe kuwa ndege mweupe amehama, lakini wageni wanakaribishwa, kwa kuwa ndege wa namna nyingine ni wengi sana.
Kwamba kanzu ni sadaka na sadaka hairudishwi. Mwenyekiti alimwomba tu Bi. Mwanasiti aigeuze ielekee baharini siku ya Jumatano, doa lisitazamwe na wageni.

Makamu aliuliza kibao kifanyweje. Mwenyekiti alisema apewe Bi. Mwanasiti akitie katika dungu lake, apate pa kukalia. Bi. Mwanasiti alishukuru, akasema ubao ni mzuri na jina lake ni pana.

Kamba ilifunguliwa na Mwenyekiti kwa mkono wake. Bi. Mwanasiti alipandisha kanga magotini, akalichukua debe lake penye tuta, akaingia majini.

KUMB. NA. 20/54: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wote na kuagana nao kwa sababu magharibi ilikuwa inakaribia.

Wakati huo Bw. Fanueli, ambaye bado alikuwa ameishika darubini, aliinua mkono. Alisema kwamba ndani ya mkono wa kushoto wa kanzu ameona kijumba cha nyasi, na shomoro anachungulia kutoka humo, naye ana chakula mdomoni. Alisema huyo ni ndege wa kweli, na hicho ni kiota, na akaanza kusoma Kanuni ya Tano kwa moyo.

Mwenyekiti alisema kikao amekwisha kukifunga. Bw. Fanueli alisema hakusikia kikifungwa. Makamu alisema yeye alisikia. Katibu aliulizwa, akasema kwamba naye alisikia.

Kutoka majarubani debe lilikuwa linapigwa kwa nguvu, na ndege walipaa kutoka mpungani kote kwa mara moja, makundi kwa makundi, mpaka Makamu akashika kofia yake. Mwenyekiti alisimama kuwatazama, bila darubini, akasema hawa hata yeye anawaona.

Kwa kuwa neno la Bw. Fanueli lilisemwa baada ya kikao kufungwa, Katibu anamwomba radhi kwa moyo wote kwamba halikuweza kuingizwa katika kumbukumbu hizi.

Kikao kilifungwa kabla ya adhana ya magharibi, na kabla ya Bw. Fanueli kuinua mkono.

(Sahihi) Mwinyijuma bin Mselem, Mwenyekiti
(Sahihi) Timotheo Mhina, Katibu